Chagua ufundi kwanza, jeshi litakuja baadaye

Vijana wanaoniuliza kama waingie jeshini huwa na swali la pili tayari mdomoni: nchi kavu, anga au majini? Mimi naanza na hilo la pili, maana ndilo linalowapoteza. Kijana anayejiandikisha akiwa na nguvu zake tu hachagui kikosi. Anapelekwa kituo cha mafunzo, iwe Kamina au Kitona kule Kongo Central, anafundishwa kwata na bunduki, kisha amri inatoka na anakwenda mahali watu wanapohitajika. Tangu Goma, kule mashariki mwa Kongo, ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, hakuna asiyejua ni wapi wanahitajika.

Nafundisha sekondari hapa Lubumbashi, Katuba, na maoni yangu nayasema waziwazi kwa wanafunzi na kwa wazazi wao: kama huna ufundi mkononi wala diploma, usijiandikishe mwaka huu. Vitafute kwanza. Ukishavipata na bado moyo unakuita, nenda, nami nitakuombea.

Sidharau kazi ya askari hata kidogo. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na mimi naliamini neno hilo. Rais Tshisekedi alipowaita vijana wajiandikishe, Novemba 2022, wengi waliitika kwa uchungu wa kweli, si kwa kufuata mshahara. Ninayemhofia ni mwingine. Amemaliza shule, kazi hakuna. Amekuwa manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, pikipiki ya watu ikaharibika. Amekwenda Kolwezi kuchimba, amerudi na kikohozi. Halafu siku moja, sahani ya bukari mbele yake, anamwambia mama yake: bora jeshi, angalau kuna mshahara.

Mshahara upo, na Machi 2025 ilitangazwa kwamba wa askari na polisi utaongezwa mara mbili. Hilo ni jambo jema na lilichelewa. Hata njia ya kuulipa imebadilika: zamani fedha zilishuka kupitia kwa makamanda, na kila mkono uliozigusa ulibaki na kitu. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri, askari wakahesabiwa na kupewa kadi, kisha malipo yakaanza kupita benki. Lakini benki iko mjini na askari yuko porini. Anayetegemea fedha hizo ni mke aliyeko komini ya Kenya au Ruashi, hapa Lubumbashi, mwenye nyumba anabisha mlangoni. Anayeingia kwa ajili ya mshahara tu atachoka mapema, na jeshini kuchoka kuna gharama ambayo kazi nyingine haina.

Gharama hiyo vijana hawaijui, na hapa ndipo ninapowashika kwa muda mrefu zaidi. Ukishavaa sare hupigi kura tena. Sheria yetu ya uchaguzi haiwaruhusu askari na polisi. Kosa lako linahukumiwa na mahakama ya kijeshi, kwa kanuni za adhabu za kijeshi za mwaka 2002. Ndani ya kanuni hizo, kukimbia mbele ya adui kunaweza kukupeleka kwenye hukumu ya kifo. Msifikiri hayo ni maandishi ya zamani tu. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililodumu tangu 2003, na Mei mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo askari wanane, makosa yakiwemo woga na kukimbia mbele ya adui. Duka la Wahindi ukiliacha bila kuaga, unapoteza mshahara wa mwezi. Huku huachi.

Na kuna amri zenyewe. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Nataka kila kijana akijue kwa moyo kabla ya kunyolewa nywele, kwa sababu siku mkubwa wake atakapomwambia achome nyumba za watu, hatakuwa na nafasi ya kukitafuta.

Sisi wa Katanga tuna sababu zetu za kuuliza maswali mengi. Babu zetu waliingizwa Force Publique, jeshi la wakoloni, wakapigana vita vya Wabelgiji hadi Tabora mwaka 1916. Baadaye kukawa na jandarmu wa Katanga wakati wa kujitenga, 1960 hadi 1963, na wengi wao waliishia Angola, wakarudi na bunduki mwaka 1977 na 1978. Aprili 1997 tuliwaona kadogo, askari watoto wa Laurent Kabila, wakiingia mjini, watoto wenye mabuti makubwa kuliko miguu yao. Machi 2013 wakaja Bakata Katanga, wapiganaji waliotaka Katanga ijitenge, wengine wadogo vilevile, wakaandamana hadi kambi ya Umoja wa Mataifa. Katika makundi yote hayo alikuwapo kijana aliyeambiwa kwamba anapigania nyumbani kwake. Wachache walikuwa na jina kwenye daftari la mtu yeyote baada ya vita kwisha.

Kwa hiyo anayekuja na ahadi za kundi lenye silaha, hata liwe na jina tamu namna gani, mkatalieni. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake, na kinaliita kosa hilo uhaini mkuu. Najua nitajibiwa kuhusu Wazalendo, wale wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, na ile sheria ya 2023 ya jeshi la akiba. Sheria imewafungulia mlango, sawa. Mimi nauliza la mzazi: nani atamlipa, nani atamtibu mguu ukikatika, na jina lake limeandikwa wapi? Asiyeweza kujibu hayo matatu hanipati mwanafunzi wangu.

Sasa vikosi. Jeshi la nchi kavu ndilo kubwa, na humo ndimo karibu kila mtu anakoishia. Lakini ndani yake kuna mafundi: wahandisi wa madaraja na barabara, watu wa mawasiliano ya redio, makanika, waganga. Jeshi la anga vijana wanalipenda kwa sababu ya ndege za kivita za Sukhoi wanazoziona kwenye simu. Hawajui kwamba rubani mmoja ana nyuma yake watu wengi wa umeme, injini na hesabu. Jeshi la majini wanalisahau kabisa, eti pwani yetu haifiki kilomita 50. Wanasahau Mto Kongo, Ziwa Kivu na Tanganyika! Kijana aliyezaliwa Kalemie akajua injini za boti, mimi ningemshauri aanzie hapo. Kaniama Kasese, ambako mahindi yanatoka, ni kitu kingine: ile ni Huduma ya Taifa, iliyoanzishwa 1997, na anayetaka kuwa askari asiichanganye na FARDC, jeshi lenyewe la taifa.

Kokote utakakotazama, nafasi zenye uzito zinamtaka mtu anayejua kitu. Mwenye Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, anaweza kushindania chuo cha kijeshi cha Kananga na kutoka afisa. Aliyepita INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, akajua umeme au makanika, au aliyesomea uuguzi, ana la kuweka mezani siku ya kuandikishwa. Sisemi kwamba atasikilizwa kila mara. Nchi yetu tunaijua. Lakini ana cha kusema, na hata akirudi nyumbani baada ya miaka, ufundi anarudi nao. Kwa wasichana nasema hivyohivyo, na kwa mkazo zaidi: uuguzi, redio na hesabu za vifaa ni kazi zinazompa msichana cheo chake mwenyewe, asimtegemee mkubwa kwa kila kitu.

Jambo moja nawaambia walioamua tayari, hasa wenye familia. Wajane niliowafahamu walihangaika miaka kwa sababu ndoa ilikuwa ya kimila tu, mahari imelipwa mbele ya wazee, lakini komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, haina habari. Kwa karatasi za serikali, mwanamke huyo hakuwa mke wa mtu, na watoto hawakuwa na cheti. Kabla ya kuweka sahihi yoyote, mpeleke mkeo komini mwandikishe ndoa, watoto wote wapate vyeti vya kuzaliwa, na nakala zibaki kwa mama yako.