Kiini na ganda: asili ya zirkoni katika miamba ya Dodoma

Katika miamba ya naisi (miamba yenye milia iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo) iliyoko mashariki mwa Dodoma, punje moja ya zirkoni, madini yenye urani kidogo ambayo hutumika kupima umri wa miamba, na ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko chembe ya chumvi, inaweza kuhifadhi historia mbili: kiini kilichoganda kutoka kwenye magma zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na ganda lililoota juu yake wakati Ukanda wa Msumbiji, mlolongo wa milima ya kale wa Afrika Mashariki, ulipokuwa ukijengwa, kati ya miaka milioni 640 na 550 iliyopita. Ubishi uko katika kutambua sehemu ipi ilizaliwa wapi.

Wapo wanaotegemea uwiano wa thoriamu kwa urani. Ukishuka chini ya 0.1, zirkoni huhesabiwa kuwa imeota wakati mwamba ulipogeuzwa kwa joto na mgandamizo. Ukizidi hapo, huhesabiwa kuwa ya magma. Hoja yao ina uzito, kwani namba hiyo hupatikana katika kipimo kile kile cha umri na haitegemei jicho la mtafiti. Lakini katika granulaiti, yaani miamba iliyogeuzwa kwa joto kali mno, ambazo si haba katika Ukanda wa Msumbiji, zirkoni iliyoota kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi huweza kuvuka kiwango hicho, ilhali zirkoni ya magma iliyokua sambamba na monazaiti, madini mengine, huweza kukosa thoriamu, kwa kuwa monazaiti huitwaa kwa wingi.

Wengine hutanguliza picha za mng'ao unaotokea punje inapopigwa na elektroni: mistari myembamba inayofuata kingo za punje huashiria magma. Nami naegemea upande huu, ingawa jicho nalo hukosea. Punje ya mviringo husemwa haraka kuwa ilisuguliwa na mto wa kale, ilhali kuyeyuka kiasi ndani ya mwamba nako huondoa pembe zake. Hata hivyo, bila picha, leza inayochoma punje ili kupima umri wake huweza kugusa kiini na ganda kwa pamoja, ikatoa umri wa katikati, tuseme miaka bilioni 1.6, usiowakilisha tukio lolote. Saa mbili za urani, yaani aina zake mbili zinazogeuka kuwa risasi kwa kasi tofauti, zikipingana, hiyo ni dalili ya kuirudia picha.

Palipo na ganeti, madini yanayovuta kwa wingi elementi adimu nzito (metali kama iterbiamu), upungufu wa elementi hizo kwenye ganda la zirkoni huonyesha kwamba ganda na ganeti vilikua pamoja. Kwa viini, umri uliotawanyika sana huelekeza kwenye mashapo ya kale, ingawa granaiti nayo huweza kurithi punje za miamba iliyoyeyuka kuizaa.