Mama akitoka kukimbia, mtoto anabaki na nani?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, anafunga kamba za raba kwenye ngazi. Maziwa ya mtoto ameshayakamua na kuyaacha kwenye kikombe chenye mfuniko. Mtoto ana miezi minane. Mama mkwe akija kukaa nao, swali ni lile lile: "Mwanangu, mtoto unamwachia nani?"

Swali si baya. Mzazi anahitaji kupumzika, na wazee wa Pwani hawakuweka arobaini bure: maji ya moto, kukandwa, kufungwa tumbo. Anayeamka mara tatu usiku kunyonyesha asisukumwe na mtu kwenda kukimbia barabarani. Na kuna jambo sisi wapenda mazoezi hatulisemi: mara nyingi mzigo humwangukia dada wa kazi, aliyeamka kabla ya wote na atakayelala wa mwisho.

Lakini baba wa nyumba hiyo hiyo hucheza mpira wa maveterani kila Jumapili. Mechi ni dakika 90, ikiisha kuna supu na stori, anarudi saa sita mchana. Sijawahi kusikia akiulizwa mtoto kamwachia nani.

Ndiyo maana siachi kuzihesabu dakika 150. Hicho ndicho kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani kwa wiki ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima, na mwongozo wake wa 2020 unawagusa pia waliojifungua wasio na tatizo la kiafya. Wiki ina dakika 10,080. Toa 150, zinabaki 9,930 za kunyonyesha, kuogesha, kufua na kwenda kazini. Hizo 150 zigawe kwa siku saba, hazifiki 22 kwa siku; maharage jikoni hayajaanza hata kulainika. Mechi mbili tu za maveterani zinazipita.

Wapo wanaosema mama zetu walilea watoto wanane bila kukimbia barabarani. Walichota maji, walitwanga, walilima. Mwili haukukosa kazi. Na burudani walikuwa nayo: wanawake wa Pwani walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, na mtoto alibaki kwa bibi au shangazi. Mjini mikono hiyo imepungua, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuiongeza sana: mama alipewa siku 84 za likizo ya uzazi, baba angalau 3. Baba anarudi kazini hajajua kilio cha njaa na cha usingizi vinatofautianaje, na mama anazoea kwamba hakuna mwingine wa kumpokea mtoto.

Kwa jirani yangu, siku hizi Jumanne na Alhamisi anayeamka ni mumewe. Wiki za kwanza mtoto alilia mpaka mama akarudi. Sasa anakunywa uji mikononi mwa baba yake, na dada wa kazi analala mpaka saa kumi na mbili na nusu.