Demo ya Kiingereza iliyoniangusha chini na darasa zima

Wanaosema ukijua Kiingereza huwezi kukosa kazi ya kukifundisha ugenini hawajawahi kuitafuta hiyo kazi wakiwa na pasipoti kama yangu. Tangazo baada ya tangazo wanataka "neitivu spika", yaani mtu aliyekua na Kiingereza kama lugha mama, halafu wanakupangia na nchi zenyewe, Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini, basi wewe wa kwingine hata kama umechapwa fimbo kwa Kiingereza tangu chekechea unaambiwa lete kwanza matokeo ya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza chako. Na matokeo yenyewe yanahesabika miaka 2 tu, kana kwamba Kiingereza kinachacha kama maziwa.

Nikasema poa. Cheti cha TEFL, kile cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, cha masaa 120 ninacho, nilikisomea kwenye simu usiku usiku, CV nikamwaga kila kona ya mji. Shule moja ya watoto wadogo ikanipigia, njoo ufanye demo. Kwa wasioijua demo, unapewa darasa la watu kwa dakika 20, hujui jina la mtoto hata mmoja, na bosi amekaa nyuma na fomu yake anaandika kila kitu hadi unavyokohoa.

Kwenye korido nikamkuta mwenzangu tunayegombea naye nafasi, jamaa wa Australia, kaptula, begi mgongoni, alikuja kutalii hela ikamkatikia njiani. Akaniuliza kwa upole kabisa, eti bro, hivi present perfect ndo nini? Jamani. Nikamfundisha palepale tumesimama, have, has, halafu kitenzi kile cha safu ya tatu, akawa anaandika kwenye kiganja.

Nikaitwa. Mimi nilikuwa nimejipanga na TPR, yaani Total Physical Response, kufundisha lugha kwa vitendo vya mwili. Kuna mwanasaikolojia wa Kimarekani anaitwa James Asher, ndo alileta hii mbinu miaka ya 1960 huko: mwalimu anatoa amri, anaifanya mwenyewe kwa mwili, wanafunzi wanamwiga, lugha inaingia bila kutafsiri chochote. Kwa watoto wa miaka mitano sita hamna dawa kama hiyo, maana ukiwaletea habari za nomino wanakulilia.

"Stendi apu!" wote juu. "Siti dauni!" wote chini. "Tachi yo nozi!" pua zote zimeshikwa. Bosi huyo anatikisa kichwa kukubali, na mimi kichwani nimeshaanza kupiga hesabu za kodi ya nyumba. Nikaona sasa niwape "jampu", tena ya kishujaa, siyo ile ya kunyanyua visigino. Zile shule sakafuni wanatandika vigodoro vya sponji vya rangi rangi, na mimi miguuni nina kiatu cha intavyuu, kipya, soli haijawahi kuonja vumbi. Nimeruka vizuri tu. Kutua ndo ikawa kazi, kigodoro kikachomoka, miguu ikatangulia mimi nikabaki nyuma, makalio puu! na mdomo ukafunguka wenyewe:

"YALAAA! MAMA NAKUFAAA!"

Kimya. Halafu katoto kamoja ka mbele, kenye miwani, kakaniangalia kwa makini sana, kakaruka, kakajibwaga chini na kupiga kelele kwa sauti ileile, "Yalaaa! Mama nakufaaa!" Darasa zima likafuata. Puu, puu, puu. Wameshika viuno hasa pale nilipokuwa nimeshika mimi. Nasema "no no no", wanajibu "no no no". Najivuta niinuke nyonga inagoma, nachechemea kuelekea ubaoni, na wao wanachechemea nyuma yangu kwa mstari. Asher angekuwepo pale angelia kwa furaha.

Bosi aliandika sana. Baadaye akaniita pembeni akasema watoto wamekupenda, na kwa kweli matamshi yao yametoka safi, ila ile sentensi ya mwisho hajaiona kwenye mpango wako wa somo. Nikamwambia ni nahau. Akasema tutakupigia.

Mwaustralia ndo akapata kazi, bila shaka. Mimi nikaangukia kufundisha watu wazima wa maofisini jioni, watu wastaarabu, wanakaa kwenye viti na hakuna anayeruka.

Sasa siku moja yule jamaa akanitumia voisi, amechanganyikiwa. Eti kila akisema "jampu" darasa zima linaanguka na kupiga kelele kitu fulani, kamusi amepekua yote hakioni, na kumuuliza bosi anaogopa isije ikajulikana Kiingereza hakijui. Akaniuliza, au ni cha Uskoti?

Nikamjibu hiyo ni present perfect ya ngazi ya juu, aendelee tu kuwakaririsha.