Mtoto asilipishwe tena somo alilokwisha kufaulu

Huu ni mwaka wa nne naishi Sacramento, California, na kila msimu wa korosho ukifika nakumbuka ada. Kwetu Newala ada ya chuo hutoka mnadani: chama cha msingi kikimlipa mama, ndipo na sisi tunalipiwa. Ndiyo maana yaliyompata mdogo wangu bado yananiuma.

Alianza shahada Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza ulipoisha mama akaugua, naye akahamia chuo cha karibu na nyumbani ili amuuguze. DS, yaani masomo ya maendeleo (Development Studies), na stadi za mawasiliano alikuwa amefaulu vizuri. Chuo kipya kikamwambia muhtasari wa masomo haufanani na wao, arudie yote mawili. Siku ya kwanza darasani alifungua daftari lake la zamani, akawa anafuatana na mhadhiri mada kwa mada. Somo lile lile, malipo mapya.

Mimi huku nilianzia chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Jimbo hili linavyo 116. Anayetaka kuendelea chuo kikuu cha umma husoma kwanza masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi, historia, sanaa. Zamani palikuwa na orodha mbili, moja ya kila mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo, na ile ya California State University (CSU) haikupokelewa University of California (UC), kwa hiyo aliyebadili nia njiani alikwama. Sheria ya mwaka 2021 ikaamuru orodha iwe moja. Ilianza kutumika 2025: kozi 11, krediti 34 za huku (krediti hupima uzito wa kozi), na pande zote mbili zinaipokea. Lakini kilichonigusa zaidi ni mshauri wa masomo aliyenionyesha kwenye kompyuta kozi ipi inahesabika wapi, kabla sijalipa hata senti. Hilo la kujua mapema ndilo ninalolitamani kwetu kuliko yote.

Si Marekani nzima iko hivyo. Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohama vyuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Na Tanzania hatuanzi sifuri. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inaruhusu kuhamisha krediti, na kipimo ni kimoja: krediti moja ni saa 10 za kujifunza, shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Naomba tuanze na masomo mawili haya tu, DS na mawasiliano. Wahadhiri wa vyuo vyote wakae, wakubaliane mwanafunzi ajue nini, kisha kila chuo kitangaze hadharani kinachopokea. Masomo ya fani siyagusi. Anayesomea uuguzi au uhandisi, chuo kina haki ya kumpima upya.

Lindi nako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta kampasi kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu. Mtoto wa Liwale aliyeanzia chuo kingine Mwanza, akitaka kumalizia karibu na wazazi, ajue kabla hajapanda basi ni krediti ngapi zitapokelewa.

Mama alipona, namshukuru Mungu, na mdogo wangu alimaliza. Fedha zilizolipa zile kozi mbili, mama alikuwa amezitenga za bati.