Kwa matembezi ya kila siku, nipeni ile 28mm ya f/3.5

Kila anayetaka kununua lenzi pana ya zamani (milimita zikiwa chache, lenzi huona pana zaidi) huanza na swali lilelile: "Inafunguka mpaka ngapi?" Anauliza tundu la kupitishia mwanga, na namba ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ukimjibu f/2, uso unachangamka. Ukimjibu f/3.5, anairudisha lenzi mezani taratibu, kama embe alilolibonyeza akakuta limeoza ndani.

Mimi ninazo nne, zote za kufokasi kwa mkono, na zote nazifunga kwa adapta, yaani pete ya kuunganishia, kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani, yenye sensa ya ukubwa wa filamu (sensa ya kunasa picha, si ile ya kuhesabu watu). Inayokaa kwenye kamera siku nyingi ni Olympus Zuiko 28mm f/3.5. Ni lenzi isiyotafutwa na watu, na nimechoka kuisikia ikidharauliwa.

Zamani lenzi yenye tundu kubwa ilikuwa na sababu mbili za maana. Ya kwanza ni filamu. Ukishaweka roli ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) umefungwa nayo hadi picha ya 36, na jioni ikiingia huna pa kukimbilia ila kwenye tundu la lenzi. Ya pili haisemwi sana: kwenye kamera ya kioo, unachokiona kwenye dirisha la kutazamia ni mwanga uleule uliopita kwenye lenzi, kwa hiyo f/2 ilikupa dirisha angavu na fokasi rahisi. Zote mbili zimekwisha. Kamera ya leo unaipandisha ISO kwa kidole gumba, na dirisha lake la kielektroniki hujiongezea mwanga lenyewe. Kutoka f/2.8 kwenda f/3.5 unapoteza kama theluthi mbili za stopu tu (stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu), yaani ISO 800 inakuwa 1250 hivi. Nionyesheni tofauti hiyo kwenye picha ya muuza kahawa na birika lake. Na kama unataka mandhari ya nyuma yayeyuke, 28mm si chombo chake hata ikifunguka vipi. Mtu akisimama hatua tatu mbele yako, ukuta ulio nyuma yake bado utausoma.

Kinachobaki ni ukubwa, uzito, na vidole vinakuta nini vikifika kwenye lenzi. Hapo Olympus walikuwa na akili. Msanifu wao, Yoshihisa Maitani, alipoisanifu kamera iliyotoka 1972 kwa jina la M-1 (mwaka uliofuata ikawa OM-1, baada ya kampuni ya Leica, yenye kamera zake za M, kulalamika kuhusu herufi ile), alikuwa anapigana na unene na uzito wa kamera za kioo za enzi zake, na lenzi nazo zikapunguzwa. Hii 28mm ina urefu wa milimita 31 na uzito wa gramu 180 hivi. Pete ya tundu iko mbele kabisa, ya fokasi iko nyuma yake, vidole havigongani. Nakiri jambo moja ambalo mashabiki wenzangu hulimeza: ukiifunga kwenye kamera ya Sony, adapta peke yake inaongeza milimita 28. Kile kidude kidogo kinakuwa karibu mara mbili. Hata hivyo bado naibeba begani kutwa nzima bila shingo kulalamika.

Mpinzani wake wa kweli ni lenzi ya Nikon, Nikkor 28mm f/2.8 AI-S, ya 1981, yenye vioo 8 ndani, vikiwemo vinavyosogea kwa mwendo wao wenyewe unapokaribia kitu ili pembe za picha zisiharibike. Hii inafokasi hadi sentimita 20. Zuiko inakwama kwenye 30. Ukisikia tu, sentimita 10 ni kitu gani? Lakini nenda kampige picha mama anayegeuza vitumbua alfajiri, utake chuma, mkono na mvuke vyote viwemo kwenye fremu, utaona. Kwa kazi za mikono, kusuka ukili, kukuna nazi, kutengeneza saa, Nikkor inaiacha Zuiko mbali, na kama maisha yako ya picha yako jikoni na karakana basi puuza mengine yote ninayoyasema hapa ukanunue hiyo. Mimi ilinishinda kwa jambo la kijinga: pete yake ya fokasi huzunguka kinyume na ya Olympus. Mkono wangu umeshazoea upande mmoja. Mara ngapi nimeipeleka fokasi karibu wakati mtu anakwenda mbali! Mwenye mkono wa Nikon atapata tabu hiyohiyo kwangu.

Ya tatu, Super-Takumar 35mm f/3.5 ya Pentax, ndiyo nzuri kuishika kuliko zote. Ina vioo 5 tu na skrubu ya M42 ya kuifunga kwenye kamera, na pete yake unaizungusha hata kama huna cha kupiga. Lakini 35mm inaona pembe ya nyuzi kama 63, na 28mm inaona 75. Kwenye mabarabara mapana hutajali. Ingia vichochoro vya Mji Mkongwe hapa Unguja, simama mbele ya mlango wa nakshi, anza kurudi nyuma uupate wote na fremu yake ya mbao: mgongo utagonga ukuta wa jirani kabla kizingiti cha juu hakijaingia. Takumar naitoa nikienda shamba.

Ya nne ni Mir-1 ya Kisovyeti, 37mm f/2.8. Niliinunua kwa sababu imechongwa "Grand Prix Brussels 1958" mbele, tuzo ya maonyesho ya dunia ya mwaka ule, na sina utetezi mwingine. Jua likiingia pembeni picha nzima inapauka, na haifokasi karibu zaidi ya sentimita 70. Inapendeza kabatini.

Kabati lenyewe lina kisa chake. Mwanzoni nilikuwa nikizihifadhi lenzi kwenye vifuko vyake vya asili vya ngozi, kabatini, nikidhani nazitunza. Kwa hewa ya pwani hiyo ni shamba la kuvu: ngozi hushika unyevu, giza linasaidia, na siku moja nikaimulika Takumar kwa tochi nikakuta nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa kwenye kioo cha nyuma. Fundi aliisafisha, alama ndogo ikabaki. Siku hizi zote ziko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Anayenunua hapa pwani aende na tochi, amulike kupitia upande wa nyuma, na asimsikilize muuzaji anayesema "hilo ni vumbi tu."

Wenye kamera za sensa ndogo, APS-C, nao wana lao, na nawaambia bila kuzunguka: hizi si lenzi pana kwenu. 28mm inakuwa kama 42mm, yaani lenzi ya kawaida kabisa. Ni nzuri kwa nyuso na meza ya chakula, ila mlango ule wa nakshi hamuupati. Kwa upana wa kweli nunueni lenzi ya kisasa iliyotengenezwa kwa sensa yenu.

Sasa adapta, maana ndiyo iliyonitesa kuliko lenzi yoyote. Raha ya 28mm ya mkono ni kwamba huna haja ya kufokasi kabisa. Unaweka f/8, pete kidogo kupita mita 3, na kila kitu kuanzia mita 1.65 hadi upeo wa macho kinatoka kikali vya kutosha. Unatembea tu. Mtu akitokea kwenye kona hakuna mota inayohangaika kumtafuta. Mimi nilifanya hivyo miezi miwili na adapta ya bei poa, na wazee wa barazani walionipa ruhusa ya picha (shikamoo kwanza, kamera baadaye) wakatoka laini, huku ukuta wa mbali nyuma yao unahesabika tofali kwa tofali. Nikailaumu lenzi. Nikajilaumu mimi.

Kumbe adapta zile mara nyingi hukatwa nyembamba kidogo kwa makusudi, ili kila lenzi ifike mbali bila mteja kurudi na malalamiko. Kwenye lenzi ndefu huoni kitu. Kwenye 28mm, upungufu wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya kuchapishia, unatosha kuvuruga vipimo vyote vya pete: ukiiweka kwenye mita 3, fokasi yenyewe iko karibu na mita 5, na aliyekaa mita 1.8 kutoka kwako ameachwa. Kupima ni rahisi. Nenda ufukweni, fungua tundu lote, kuza picha dirishani, fokasi kwenye meli iliyo mbali kabisa kisha tazama pete. Ikiwa alama ya mwisho haijafika, adapta yako ni nyembamba. Yangu ilisimama karibu na mita 8.

Ningeweza kununua adapta ya bei kubwa. Nilikaa nikapiga hesabu, nikaona kwamba nikitaka fokasi ya mita 3 na kidogo, pete yangu inapaswa kuonyesha mita 2.3. Basi nikatia nukta ya rangi ya kucha mahali hapo, nyekundu, niione hata kwenye kivuli. Rangi ni ya dada yangu. Bado hajajua kwa nini kile kichupa kilikutwa kwenye ndoo ya lenzi.