Mwacheni Mfinyanzi na Bei Yake

Kila mwezi Mei, siku za San Isidro, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa Madrid, wafinyanzi kutoka pande mbalimbali za Hispania hupanga meza zao mjini humo. Nilikuwa napita pale nikasikia Kiswahili cha Dar kabisa: "Mkatie nusu, hawa wanakubali tu." Kijana wa kwetu alikuwa amebana kwapani botijo, mtungi wa maji wa udongo, la euro 25, anamwonyesha mzee aliyelifinyanga vidole kumi. Mzee akatikisa kichwa. Kijana akarudia vidole vyake, akaliweka chini kwa kishindo, akaondoka taratibu akingoja kuitwa. Hakuitwa. Hasira niliyopata siku ile bado ninayo.

Nielewekeni: sipingi kupatana bei. Nenda Rastro, gulio la vitu vya zamani la Madrid, Jumapili asubuhi, anzia Plaza de Cascorro ushuke Ribera de Curtidores, na upatane mpaka koo likauke. Muuzaji wa pale aliinunua ile taa ya shaba kwa jumla kutoka nyumba ya marehemu fulani, pengine hajui hata ilitoka karne gani. Bei ni makubaliano yenu wawili. Encants ya Barcelona ni hivyohivyo. Gulio lile limekuwepo tangu karne ya 14, na tangu 2013 limekaa chini ya paa refu la vioo pale Glòries. Siku za mnada wachuuzi hufika alfajiri kugombea shehena nzima za vitu vya nyumbani, kisha wanakuuzia wewe kimoja kimoja. Sevilla kuna El Jueves, kila Alhamisi, Calle Feria. Kote huko uliza bei ya mwisho bila aibu. Wahi mapema, chukua fedha taslimu, angalia mfuko wako.

Ila maonyesho ya mafundi si gulio la vitu vya zamani, na hapo ndipo ndugu zangu mnaniumiza.

Chukua lile botijo lenyewe. Ni mtungi wa maji wenye mpini juu, mdomo mpana wa kujazia na mwingine mwembamba wa kunywea. Udongo wake haupakwi ule mng'ao wa kioo, makusudi, ili maji yapenye kidogo kidogo hadi nje, yakauke kwa hewa na kuondoka na joto. Maji ya ndani yanabaki ya baridi bila umeme, Julai ya La Mancha au Andalucía, jua linawaka kama linadai deni. Bibi zetu wanaijua kazi hiyo, maana mtungi wa nyumbani ulipoza maji kwa njia ileile. Udongo ukiwa mzito mno, maji hayapoi. Ukiwa mlegevu, chombo kinavuja. Ukikaushwa haraka unapasuka, ukiingia tanuri na unyevu unapasuka pia, na hasara yote ni ya mfinyanzi. Kujua udongo upi, uchanganywe na nini na uchomwe kwa moto gani, ni elimu ya maisha mazima. Ndiyo uliyoitaka kwa vidole kumi.

Tupige hesabu basi. Bei ya euro 25 huwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 21 ndani yake, yaani euro 4 na senti 34 si zake. Aliyejiajiri Hispania analipa mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi, auze asiuze. Mwaka 2025 kiwango cha chini cha kawaida kilikuwa euro 200, kwa wenye kipato kidogo kabisa. Weka mafuta ya gari, moto wa tanuri, ada ya meza, na vile vilivyovunjika njiani. Kinachobaki ndicho chakula chake. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ufinyanzi wa Talavera de la Reina na El Puente del Arzobispo, pamoja na wa Puebla na Tlaxcala kule Mexico, katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima kubwa, na inastahili. Lakini gesi ya tanuri hailipwi kwa heshima.

Na sisi tunajua uchungu huu! Nani hajasimama Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar, akamwona mtalii anamkatia mchonga vinyago bei mpaka anafika chini ya gharama ya kipande chenyewe cha mpingo? Tunasonya, tunasema wanatudharau. Kisha tunapanda ndege na kuja kumfanyia mzee wa Kihispania lilelile. Najua mtanijibu kwamba Mwenge bei ya kwanza ina nyongeza, na kupatana ni sehemu ya salamu. Haya, nakubali. Lakini kwenye meza ya mfinyanzi huku bei imeandikwa kwenye kikaratasi, na bibi wa mtaa wa pili analipa hiyohiyo. Hakukuongezea kitu kwa sababu ya rangi yako wala begi lako. Ukikata nusu, unakata mkono wake.

Mtasema pia maonyesho mengine yamejaa vitu vya kiwandani. Ni kweli, inanikera. Masoko ya mtindo wa enzi za kati yana meza zenye mikufu na sumaku za friji zilezile mji hadi mji. Hizo zipite tu. Mshike anayetengeneza mwenyewe: muulize alivyokichoma chombo, pindua kitako utafute jina au alama yake. Fundi wa kweli atakueleza mpaka foleni ikusukume. Kama mfuko ni mwembamba, nunua kibakuli cha zeituni. Na ukinunua vinne, mara nyingi atakupunguzia mwenyewe, kwa hiari yake.

Na yule kijana wa Senegal anayeuza juu ya shuka lenye kamba kwenye pembe nne, ili alikusanye na kukimbia polisi wakitokea? Huyo naye usimkatie bei. Habari yake inataka makala nzima.

Mwezi Agosti nakwenda Argentona, mji mdogo karibu na Barcelona wenye jumba la makumbusho la mitungi ya maji na maonyesho ya wafinyanzi kila kiangazi. Unashuka treni Mataró, unachukua basi. Anayetaka tufuatane aniandikie, tutakwenda asubuhi kabla ya jua kali.