Mjukuu kapata ngapi?

Mama alipiga simu kutoka Tanga juzi. Kwake asubuhi, hapa Tacoma, Marekani, usiku mkubwa. Salamu hazijaisha vizuri: "Mjukuu wangu kapata ngapi?"

Nikakosa jibu. Karatasi ninayo mezani. Mwalimu kaeleza binti alivyosoma, alivyobisha darasani kwa hoja, alikozembea. Alama hakuna, hata A moja ya kumfurahisha bibi.

Ndivyo kilivyo chuo cha Evergreen pale Olympia, chuo cha umma cha jimbo letu la Washington. Kilianza kufundisha 1971 na hakitoi alama. Kwa kawaida mwanafunzi anachukua programu moja pana, mara nyingi walimu wawili watatu wanaifundisha pamoja, na sayansi ya bahari inaweza kukaa chungu kimoja na ushairi.

Binti yangu nywele zambarau, siasa mpaka kwenye ugali. Vyuo binafsi vya watu wa aina yake, ada zake zilinitoa jasho. Vya umma vya majimbo mengine, mgeni mara nyingi hulipa mara tatu ya mwenyeji. Nikadhani mtoto wa hivi ni anasa ya matajiri. Kumbe chuo chake kipo hapa hapa, chini ya saa moja kwa gari: msitu wa ekari 1,000 hivi, ukishuka unakuta ufuko. Nembo ya timu zao ni kombe wa baharini, yule mnyama wa gamba. Si simba, si chui, kombe! Na profesa anaitwa kwa jina lake la kwanza. Hapo nilitaka kumrudisha mtoto garini.

Najua mtasema: kakaa Marekani, anatuona washamba. Sivyo. Mimi ni zao la NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na ile PCB (fizikia, kemia, biolojia) niliyoikesha kwa chemli ndiyo inayonilisha leo. Najivunia. Lakini PCB nani aliichagua? Mimi nilipenda historia. Nilifaulu sayansi, basi, mwenye akili asomee historia ya nini? Matokeo yakabandikwa ubaoni, mtaa mzima ukaijua division yangu kabla yangu. Na miaka yote ile, ripoti ya shule iliniambia maneno mawili tu: "Ongeza bidii." Wa kwanza aongeze bidii, wa mwisho naye aongeze bidii.

"Bila alama nani atamwajiri?" Matt Groening, mchora katuni, alimalizia hapo hapo Evergreen, na hana njaa. Na wewe unayeuliza, hesabu vijana wenye Division One, daraja la juu kabisa, wanaoendesha bodaboda mtaani kwako. Nimekuwa mkali? Sifuti.

Mama bado alikuwa hewani. "Umenyamaza. Kafeli?"

"Hajafeli, mama."

"Sasa kapata ngapi?"

"Division One."

Kigelegele chake kilimwamsha mke wangu.